Mapambo ya harusi ya kujitengenezea: aina chache, kwa wingi, na ziweze kuhamia nyumbani

Swali: Tunafunga ndoa baada ya miezi mitatu. Wageni watakuwa 120 na fedha ya mapambo ni kidogo sana. Mimi na wadogo zangu tunapenda kazi za mikono, na tungependa kutengeneza mapambo wenyewe, kisha yale yatakayofaa yapambe nyumba tutakayohamia. Tumekusanya picha nyingi mpaka tumechanganyikiwa. Mchumba wangu anasema bora tukodi kila kitu tupumzike. Tuanzie wapi, na tufanyeje yasionekane ya bei rahisi?

Jibu: Dada, hongera sana. Miezi mitatu ni muda mzuri, na wadogo zako wanaopenda kazi ya mikono ni mtaji mkubwa kuliko unavyodhani. Kilichowachanganya ni zile picha. Nyingi zimepigwa kwa karibu mno, huwezi kujua pambo hilo linaonekanaje kwa mtu aliyesimama mlangoni mwa ukumbi. Ziwekeni kando kwanza.

Ushauri wangu mkuu ni huu: chagueni aina tatu tu za mapambo, kila aina mtengeneze kwa wingi, na kabla ya kupitisha aina yoyote muulizane itakaa wapi nyumbani kwenu harusi ikishapita. Pambo la jioni moja linaloishia jalalani ni ghali hata kama ni la karatasi. Pambo litakaloning'inia sebuleni kwa miaka mitano ni rahisi hata kama uzi wake ulikuumiza mfukoni siku ya kuununua.

Nasema tatu kwa sababu kila aina mpya inakuja na vifaa vyake. Ina gundi yake, brashi yake, mkasi wake, na daima lazima ununue zaidi ya unachohitaji, maana kopo la rangi haliuzwi kwa kijiko. Aina saba zitakuachia makopo saba yaliyotumika robo. Tena mikono nayo hujifunza. Ua la kwanza la karatasi litakuchukua karibu saa nzima na litatoka limepinda. Ukifika la kumi, vidole vinajua njia vyenyewe. Anayerukaruka kutoka aina hii kwenda ile hubaki mwanafunzi mpaka siku ya harusi. Na kwa macho ya mgeni, kitu kimoja cha kawaida kikirudiwa mara thelathini kwa mpangilio kinaonekana kimekusudiwa, ilhali vitu thelathini tofauti, hata kila kimoja kiwe kizuri, vinaonekana vimeokotezwa.

Kabla hujanunua chochote, piga hesabu ya muda. Wengi hupiga hesabu ya bei ya vifaa peke yake, na hapo ndipo wanapokuja kukesha wiki ya mwisho. Tengeneza kimoja kikamilike, ukiwa na saa mbele yako. Tuseme unataka kila mgeni apate kifurushi kidogo cha zawadi chenye utepe na jina lake, na kimoja kinachukua dakika 7. Kwa wageni 120 hizo ni dakika 840, yaani saa 14 za kukaa na kufunga utepe bila kunyanyuka. Nakwambia wazi, mimi vifurushi vya kila mgeni huwa navikata kwenye orodha kabla ya kitu kingine chochote. Vinakula muda, vingi husahaulika mezani, na havipambi ukumbi. Zile saa 14 zipeleke kwenye kitu ambacho watu wote 120 watakiona kwa pamoja.

Na kitu hicho ni pazia la nyuma ya maharusi. Karibu kila picha ya siku hiyo itakuwa nalo. Baada ya pazia zinafuata meza, kisha mlango wa kuingilia. Sehemu nyingine zote za ukumbi ziacheni. Kuta za pembeni, nguzo za nyuma na dari hazihitaji chochote, na dari hasa naomba msiiguse: kuning'iniza vitu juu ya vichwa vya watu ni kazi ya wenye ngazi, vifaa na uzoefu.

Tuanze na pazia. Kitambaa kinachoning'inia bila mikunjo huonekana kama shuka lililoanikwa. Ili kianguke vizuri, upana wake wote uwe karibu mara mbili ya upana unaoufunika. Kwa fremu ya mita 2.4 kwa mita 2.4, ukipata kitambaa chenye upana wa mita 1.5, vipande vitatu vya mita 2.6 kila kimoja vitakupa upana wa mita 4.5 na vitabaki na nafasi ya pindo. Hiyo ni karibu mita 8 za kitambaa. Chagua kitambaa ambacho ungekipenda dirishani kwako: chepesi, kisichong'aa, cheupe cha maziwa au rangi ya mchanga. Kishone tangu mwanzo kama pazia la dirisha, chenye pindo juu la kupitishia bomba au fimbo, na urefu upimwe kwa madirisha yenu kama mnayajua tayari. Siku ya harusi kitakuwa nyuma yenu, wiki inayofuata kitakuwa chumbani. Kati ya vyote nitakavyokueleza, hiki ndicho kinachookoa fedha nyingi zaidi, kwa sababu mapazia mtayahitaji hata hivyo.

Fremu yenyewe kodini, au muazime. Iwe na miguu mipana iliyowekewa uzito, mifuko ya mchanga au ndoo za maji zilizofichwa nyuma ya kitambaa. Fremu nyepesi yenye kitambaa kipana hukamata upepo kama tanga, na feni moja kubwa inatosha kuiangusha.

Juu ya pazia hilo wekeni maua makubwa ya karatasi, yasambae kuanzia kona moja ya juu na kushuka kwa mshazari. Msizunguke fremu nzima. Maua 12 hadi 15 ya ukubwa tofauti yanatosha. Tumieni karatasi nzito kidogo ya kuchorea, ya gramu 120 hadi 160 kwa mita ya mraba. Nyepesi zaidi ya hapo petali zitalegea, nzito zaidi zitagoma kujikunja. Kata vigezo vitatu vya petali kwa kadibodi, cha sentimita 30, cha 24 na cha 18, kisha mdogo wako mmoja akate petali zote kwa kufuata vigezo hivyo. Kila petali ichanwe katikati ya kitako chake, sentimita 6 au 7 kwenda juu, halafu pande mbili za mchano zipandishwe moja juu ya nyingine na kubandikwa. Hapo petali iliyokuwa bapa inapata tumbo, na tumbo hilo ndilo linalolifanya ua litoe kivuli na kuonekana hai kwa mbali. Ncha za petali zikunjwe kwa kuzungushia penseli. Petali sita au saba kubwa zinabandikwa kwenye duara la kadibodi, kisha sita za kati zikikaa kwenye mapengo ya zile za kwanza, kisha tano ndogo. Katikati weka ukanda mrefu wa karatasi uliochanwachanwa upande mmoja na kuviringishwa.

Mkishazoea, ua moja litachukua dakika 40 hivi. Maua 15 ni saa 10, na mkiwa watatu hiyo ni siku moja ya mapumziko. Gawaneni hatua badala ya kila mtu kutengeneza ua lake zima. Mmoja akate, mmoja achane na kubandika vitako, mmoja apange na kumalizia. Kazi itaenda haraka, na maua yote yatatoka ya mkono mmoja.

Kwa gundi, jihadharini na mambo mawili. Gundi nyeupe ya maji hukunjamanisha karatasi nyembamba, kwa hiyo kwenye petali tumia gundi ya kijiti au selotepu ya pande mbili. Bunduki ya gundi ya moto ni ya haraka na inashika kadibodi vizuri, lakini gundi ile hulainika tena ikipata joto. Maua yaliyobandikwa kwa gundi ya moto usiyaache ndani ya gari lililofungwa juani, utayakuta petali ziko chini. Na bunduki ile inaunguza kweli. Ya kiwango cha chini hufika karibu nyuzi 120 za Selsiasi, ya kiwango cha juu inapita 190. Kwa kazi ya karatasi ile ya chini inatosha, na watoto wapewe kazi ya kukunja.

Kama mtataka maua madogo ya mezani, karatasi ya krepu ndiyo karatasi yenyewe. Siri yake iko kwenye mistari. Ukiitazama, ina vikunyanzi vinavyokwenda upande mmoja, na inavutika kwa kukatisha vile vikunyanzi tu. Petali lazima ikatwe vikunyanzi vikiwa vimesimama kutoka kitako hadi ncha. Hapo ukiishika kwa vidole gumba viwili na kuitanua katikati polepole, inajaa na kupata kina cha petali ya kweli. Ukiikata vikunyanzi vikiwa vimelala, haitajaa kamwe hata uivute mpaka ichanike. Waridi moja linahitaji petali tatu ndogo kwa ndani, tano za kati na tano hadi saba kubwa, zote zikifungwa kwenye waya kwa uzi mwembamba uliokazwa, kila petali ikiifunika nusu ya mwenzake. Usizipange kwa kufuatana sawasawa mno. Waridi la bustanini halina ulinganifu wa rula.

Krepu ina adui wawili, maji na jua. Tone la maji hutoa rangi na kuchafua kitambaa cha meza, na ukiiweka dirishani rangi hufifia. Nyumbani yawekeni kwenye rafu ya ndani, na vumbi lipulizwe kwa hewa baridi ya mashine ya kukaushia nywele.

Sasa meza. Wageni 120 wakikaa kumi kumi ni meza 12. Kila meza ikipata mitungi mitatu ya kioo ya urefu tofauti, mnahitaji mitungi 36, na hii haina haja ya kununuliwa. Waambieni mama zenu, mashangazi na majirani leo hii wasitupe mitungi na chupa zenye midomo mipana. Ndani ya miezi mitatu itazidi hesabu. Lebo hutoka ikilowekwa nusu saa kwenye maji moto yenye sabuni. Utelezi wa gundi unaobaki upakwe mafuta ya kupikia, uachwe robo saa, usuguliwe, kisha mtungi uoshwe tena kwa sabuni na kufutwa kwa spiriti. Hatua hii ya spiriti msiiruke, kwa sababu kioo chenye mafuta hakishiki rangi wala gundi.

Kuhusu kuipamba, mimi napenda kioo kibaki kioo. Mkanda mmoja wa lesi au mzunguko wa kamba ya katani shingoni unatosha. Ukitaka mwanga laini zaidi, chana vipande vya karatasi nyembamba nyeupe, vibandike nje ya mtungi kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na kikikauka mtungi utang'aa kama umejaa ukungu. Mitungi ya namna hii iwekewe taa ndogo za betri za LED pekee. Moto wa mshumaa na karatasi, lesi au maua makavu havikai pamoja, hata kwa dakika chache za picha. Kama mnapenda mshumaa wa kweli, mtungi uwe mtupu bila nguo, ukuta wa kioo uupite mwali kwa sentimita 5 au zaidi, chini kuwe na mchanga wa sentimita mbili, na muulize kwanza kama ukumbi unaruhusu moto. Kumbi nyingi haziruhusu, na ni vizuri kulijua hilo sasa.

Urefu wa pambo la mezani una kanuni rahisi: liwe chini ya sentimita 30, au lipande juu ya sentimita 60 likiwa jembamba. Katikati ya hapo linakaa usoni pa aliyeketi mbele yako, na watu watalisogeza pembeni ili waongee. Wewe baki chini ya 30. Ni nafuu na haliangushwi na mkono wa mtu anayepitisha sahani.

Maua ya kujaza mitungi hiyo si lazima yote yawe ya karatasi. Majani na maua yanayokauka vizuri anzeni kuyakausha sasa. Ondoeni majani ya chini, fungeni mafungu madogo kwa raba (mpira hukaza kadiri mashina yanavyosinyaa, kamba hulegea), ning'inizeni kichwa chini mahali pakavu penye giza na hewa. Wiki mbili hadi tatu zinatosha. Giza ni muhimu, kwani mwanga ndio unaochuja rangi. Na shada lako la siku ya harusi unaweza kulikausha vivyo hivyo kesho yake asubuhi, au ukachukua maua machache bapa ukayabana kati ya karatasi zinazofyonza ndani ya kitabu kizito kwa wiki tatu au nne, kisha ukayatia kwenye fremu. Hakuna pambo la ukutani litakalokuwa na maana kwenu kuliko hilo, na linagharimu bei ya fremu.

Aina ya tatu, baada ya pazia lenye maua yake na mitungi ya mezani, kama wadogo zako wanapenda mafundo, ni makrame, yaani mapambo ya nyuzi zinazofungwa mafundo kwa mkono. Nayapa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo yanayohama vizuri zaidi kutoka ukumbini kwenda nyumbani: pambo moja pana la kuning'inia mlangoni pa ukumbi, baadaye juu ya kitanda au ukuta wa sebule. Uzi uwe wa pamba, wa milimita 3 hadi 5, na fimbo iwe tawi kavu lililonyooka kiasi. Fundo moja tu linatosha kwa pambo zima, lile la mraba. Shika kamba nne. Mbili za katikati zinatulia, za pembeni zinafanya kazi. Ya kushoto ipite juu ya zile mbili, ya kulia ipite juu ya mkia wake, iingie nyuma, itokezee kwenye tundu la kushoto, kaza. Kisha rudia ukianzia kulia. Ukisahau kubadilisha upande, ukaanzia kushoto kila mara, mafundo yatajipinda na kuwa ngazi ya mzunguko, jambo ambalo wengine hulifanya kwa makusudi na linapendeza.

Penye hatari ni kipimo cha uzi. Kanuni inayojulikana ni kwamba kila uzi unaofungwa mafundo unahitaji mara nne ya urefu wa pambo, na kwa kuwa uzi hukunjwa katikati ukipachikwa kwenye fimbo, unakata mara nane. Pambo la sentimita 90 lenye kamba 40 litataka mita 7.2 kwa kila kamba, jumla mita 288. Hapo wengi hukata tamaa. Lakini mara nne ni ya sehemu yenye mafundo tu. Nyuzi zinazoachwa zikaanguka huhitaji urefu wake wenyewe. Ukifunga mafundo sentimita 40 za juu na kuacha 50 za chini zianguke kama ushungi, kila mkono wa kamba unahitaji sentimita 160 na 50, yaani 210, na kamba nzima mita 4.2. Kwa kamba 40 hiyo ni mita 168. Umeokoa mita 120, na kwa maoni yangu pambo limependeza zaidi, kwa sababu jicho limepata mahali pa kupumzika. Kabla ya kukata zote, pachika kamba tano kwenye fimbo uone zinachukua sentimita ngapi, ndipo ujue upana unaoutaka unahitaji kamba ngapi.

Vibendera vya kitambaa, kadi na mabakuli ya karatasi nitavigusa tu, kwa kuwa mkifuata ushauri wangu hamtakuwa na nafasi navyo. Vibendera ni kwa wale wenye mabaki mengi ya vitambaa: pembetatu za sentimita 20 kwa 25, zikiachana sentimita 5, ni vibendera 20 kwa kamba ya mita 5, na baadaye hukaa vizuri chumba cha mtoto. Kadi ya mwaliko, ikiwa mnazitengeneza wenyewe, iwe ya gramu 250 hadi 300, na kabla ya kukunja pitisha mgongo wa kisu kwenye mstari wa mkunjo. Bila hivyo karatasi nzito hupasuka mgongoni na hilo huonekana mara moja. Karatasi moja ya A4 hutoa kadi mbili zinazokunjwa kuwa A6. Bakuli la karatasi na uji wa unga ni kazi nzuri ya nyumbani baada ya harusi, si kabla, maana kila tabaka mbili zinahitaji siku nzima kukauka.

Sasa lile swali lako la mwisho, la kuonekana ya bei rahisi. Bei ya vifaa haionekani kwa macho. Kinachoonekana ni umaliziaji. Utando wa gundi ya moto unaoning'inia kama uzi wa buibui, waya uliochomoza, kingo zilizokatwa kwa mkasi butu, utepe wa plastiki unaometameta, fundo lililoachwa na mkia mrefu. Kwa kila aina tengeni siku moja mwishoni ya kupitia tu, na mikasi midogo, mkitafuta makosa hayo. Nunueni mkasi mmoja mzuri wa karatasi na mwingine wa kitambaa, na huo wa kitambaa usiguse karatasi kabisa. Ukibana matumizi kote kwingine, kwenye mkasi usibane.

Rangi ndiyo jambo la pili. Mgawanyo ninaoutumia ni ule wa 60, 30 na 10: asilimia 60 ya kinachoonekana iwe rangi tulivu ya msingi, 30 rangi yenu ya pili, 10 rangi moja yenye nguvu. Kwenu msingi ni pazia, vitambaa vya meza na uzi wa makrame, vyote vya jamii ya maziwa na mchanga. Ya pili ni maua. Ile ya 10 ni utepe na maua machache tu ndani ya mashada. Rangi ya nne ikiingia, hata kwa zawadi ya shangazi mwenye nia njema, mgawanyo mzima unavurugika. Mpokee kwa shukrani, na pambo lake likae meza ya zawadi. Chagueni rangi mkifikiria kuta na makochi ya nyumba mnayohamia, kwa sababu rangi ya harusi mtaishi nayo.

Halafu kuna jaribio la umbali. Kila sampuli iwekwe mahali itakapokaa, urudi nyuma mita 5, upige picha kwa simu. Kama haionekani vizuri kwenye picha hiyo, usiiongezee shanga wala maandishi madogo, kwa sababu hayo hayafiki mita 5. Ongeza ukubwa, au kusanya tatu ziwe kundi moja. Sampuli hiyo hiyo iache wiki nzima ikining'inia. Karatasi itakayolegea kwa unyevu na gundi itakayoachia zitajionyesha mapema, wakati bado mna nafasi ya kubadilisha.

Mchumba wako naye ana hoja, na ningependa umsikilize. Vitambaa vya meza, vifuniko vya viti, fremu, taa kubwa na vyombo kodini. Kushona vitambaa 12 vya meza vya ukubwa wa ukumbini kutawagharimu kuliko kuvikodi, na nyumbani hamna meza 12. Mtengeneze yale yenye alama yenu na yatakayobaki nanyi: pazia na maua yake, mitungi, makrame. Na yeye apewe kazi. Kukata vigezo vya kadibodi, kuosha mitungi na kuzijaribu taa moja moja hakuhitaji kipaji cha maua.

Mpangilio wa muda uwe hivi. Wiki mbili za kwanza ni za sampuli, vipimo na kukusanya mitungi. Ununuzi mkubwa ufanyike baada ya hapo, ukiongeza asilimia 10 hadi 15 ya kuharibika, na vitu vya rangi vinunuliwe siku moja, kwani karatasi na uzi wa rangi moja hutofautiana kidogo kati ya shehena na shehena. Makrame na pazia vifuate, maana havichakai vikikunjwa. Maua ya karatasi yafanywe mwezi wa pili, yahifadhiwe kwenye maboksi marefu bila kubanana. Wiki mbili kabla ya harusi, yote yawe yamekwisha. Hapo mtafunga pazia na maua nyumbani kwa majaribio, mpige picha, na picha hiyo wapewe watakaopamba ukumbi siku yenyewe, kwa sababu wewe asubuhi hiyo hutakuwepo.

Na teueni watu wawili wa kubomoa. Wawe wanajua kipi ni cha kukodi na kipi ni chenu, wawe na maboksi yaleyale yenye majina kwa nje, gazeti la kufungia mitungi, na betri zitolewe kwenye taa kabla hazijafungwa, maana betri zikiachwa ndani kwa miezi huvuja na kuharibu taa. Wasiofahamu hudhani kila kilichobaki ukumbini ni takataka, na wafanya usafi huanza kazi mara tu muziki ukizimwa.